Guru Dutt na Picha ya Mkupuo: Wasifu wa Mwongozaji wa Filamu na Suala la Hadhira ya Jangwani

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho wa Afrika ya Mashariki, filamu za Kihindi zimezoea kutajwa kwa kupita tu, kana kwamba zilikuwa burudani ya pembeni isiyostahili kuchunguzwa. Hata hivyo, yeyote anayetaka kufahamu jinsi wakazi wa Jangwani, Kariakoo na Gerezani walivyojifunza kufuata hadithi inayosimuliwa kwa picha hana budi kuzipa filamu hizo nafasi ya mbele. Katikati ya karne ya 20 ndizo zilizojaza watu katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam, na wengi wa watu hao hawakujua Kihindi wala Kiurdu. Walilipa kiingilio, wakakaa kwa muda wa saa tatu mbele ya maneno wasiyoyaelewa, wakatoka na hadithi nzima vichwani mwao. Hilo ni jambo linalohitaji maelezo.

Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wa wasanii walioikuza fani ya filamu hizo, Guru Dutt (1925–1964), mwongozaji, mtayarishaji na mwigizaji wa Bombay. Kipengele kinachofuatiliwa katika maisha yake ni kimoja, nacho ni picha ya mkupuo. Kwa istilahi hii inakusudiwa picha ambayo kamera huipiga ikiwa katika mwendo, ikimfuata mhusika, ikimsogelea au ikimwacha, pasipo kukatwa hadi tendo au wazo litimie. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa Guru Dutt mwendo wa kamera haukuwa pambo. Ulikuwa ndio usimulizi wenyewe, na ulibeba yale ambayo mazungumzo hayakuweza kuyabeba. Ikiwa hivyo ndivyo, basi sanaa ya aina yake inaipinga nadharia iliyotawala utengenezaji wa filamu za kikoloni katika Afrika, nadharia iliyodai kwamba Mwafrika hawezi kuielewa kamera inayotembea.

2.0 Nadharia Iliyomnyima Mwafrika Mwendo

Uzito wa suala hili hautaonekana bila kueleza kwanza yale yaliyoaminiwa na watawala. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Filamu fupi zipatazo 35 zilitengenezwa, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, huku maelezo yake yakitolewa kwa sahani za santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Mradi huo ulizaa swali lililodumu kwa muda mrefu, yaani ni filamu ya namna gani inayomfaa mtazamaji wa Kiafrika.

Jibu lililopata nguvu zaidi lilitolewa na William Sellers, ambaye alikuwa ametumia sinema katika kampeni za afya nchini Nijeria. Serikali ya Uingereza ilipounda Colonial Film Unit mwaka 1939, Sellers ndiye aliyepewa kuiongoza. Mwaka 1941 alichapisha kanuni zake. Kila picha iwe ndefu. Hadithi isiruke hatua hata moja. Ujanja wote wa kamera uondolewe. Zaidi ya hayo, kamera isigeuzwe wala kusogezwa, kwa kuwa mtazamaji atadhani miti na nyumba ndizo zinazotembea.

Kanuni hizo zina sehemu mbili zinazopaswa kutenganishwa. Sehemu ya kwanza inataka urefu na mfululizo, na kwa upande huo inakaribiana na picha ya mkupuo. Sehemu ya pili inakataza mwendo. Kwa maneno mengine, mtazamaji wa Kiafrika aliruhusiwa urefu akanyimwa mwendo. Alitakiwa aonyeshwe jambo moja kwa muda mrefu na jicho lililotulia tuli, kama mwanafunzi aliyewekwa mbele ya ubao. Uzoefu uliokusanywa kwa watu waliokuwa wakiona sinema kwa mara ya kwanza uligeuzwa kuwa sifa ya kudumu ya watu wa bara zima.

Wakati kanuni hizo zikiendelea kutumika, Dar es Salaam ilikuwa na hadhira ya namna nyingine. Mpango wa mji wa kikoloni ulikuwa umeutenga Uzungunī na Uhindini, na Uhindini na Uswahilini, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Majumba ya sinema kama Empire, Empress, Avalon na Odeon yalikuwa ng’ambo ya pili ya uwanja huo. Mkazi wa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, aliyetaka kuona picha alipita Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, akaingia katika mtaa wa watu wengine ili akae gizani pamoja nao. Humo alikuta kamera za Bombay zikitembea bila kumwomba radhi mtu yeyote.

3.0 Malezi ya Mcheza Ngoma

Guru Dutt alizaliwa tarehe 9 Julai 1925 katika mji wa Bangalore, kusini mwa India. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Vasanth Kumar Shivashankar Padukone. Baada ya kupata ajali utotoni, wazazi wake walimbadilisha jina kwa imani kwamba jina jipya lingemletea heri. Baba yake, Shivashankar Rao, alikuwa mtu wa ajira za mshahara, na mama yake, Vasanthi, alikuwa msomi na mwandishi. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kikonkani, lakini familia ilihamia Calcutta, na mtoto huyo akakulia katika mtaa wa Bhowanipore akikizungumza Kibengali kama mzaliwa wa huko. Kwa hiyo tangu mapema alikuwa mtu wa lugha zaidi ya moja, na Kihindi, ambacho baadaye alitengenezea filamu zake zote, hakikuwa lugha yake ya kwanza. Jambo hili si dogo. Msanii anayefanya kazi katika lugha asiyozaliwa nayo hutafuta njia za kusema bila maneno.

Njia hiyo aliipata katika ngoma. Mjomba wake, B. B. Benegal, alikuwa mchoraji wa mabango ya sinema, na mchoro wake mmoja ulimchochea kijana huyo kubuni ngoma ya nyoka. Uwezo wake ulimfikisha kwa Uday Shankar, mcheza ngoma mashuhuri aliyekuwa ameanzisha kituo cha utamaduni huko Almora, chini ya milima ya Himalaya. Guru Dutt alisoma hapo mwanzoni mwa miaka ya 1940, mpaka kituo kilipofungwa mwaka 1944 kwa ukosefu wa fedha wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Wahakiki wengi huitaja Almora kama hatua ya ujana tu. Kwa makala haya ndiyo mzizi wa fani yake. Mcheza ngoma hujifunza kwamba mwili hausemi kwa mkao mmoja, bali kwa safari kutoka mkao huu hadi ule. Hujifunza kuhesabu mapigo, kujua ni hatua ngapi zitamfikisha mahali fulani, na kumaliza safari hiyo pigo linapomalizika. Kanuni hizo, zikihamishwa kutoka mguuni kwenda katika magurudumu ya kamera, ndizo zinazoijenga picha ya mkupuo.

4.0 Kutoka Pune hadi Bombay

Baada ya Almora, Guru Dutt alifanya kazi kwa muda mfupi kama mpokea simu katika kiwanda cha Lever Brothers huko Calcutta. Mwaka 1944 alipata mkataba wa miaka mitatu katika Kampuni ya Filamu ya Prabhat mjini Pune. Huko aliigiza nafasi ndogo, akawa msaidizi wa mwongozaji na kupanga ngoma za filamu. Huko pia alifanya urafiki na kijana aliyekuwa akianza kuigiza, Dev Anand. Husimuliwa kwamba walifahamiana baada ya dobi kuchanganya mashati yao. Walipeana ahadi kwamba atakayetangulia kupata uwezo atamshika mwenzake mkono.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1947, alikaa bila kazi. Katika kipindi hicho cha dhiki, akiishi Matunga, Bombay, aliandika hadithi ya msanii asiyetambuliwa na jamii yake, hadithi ambayo baada ya miaka kumi ilikuja kuwa Pyaasa. Baadaye alikuwa msaidizi wa Amiya Chakravarty, kisha wa Gyan Mukherjee, mwongozaji aliyewahi kuwa na jina kubwa na ambaye nyota yake ilikuwa ikififia. Kumtazama mkuu wake akisahauliwa wakati angali hai kulimwachia Guru Dutt jeraha la mawazo lisilopona.

Dev Anand aliitimiza ahadi. Alipoanzisha kampuni ya Navketan, alimpa rafiki yake filamu ya Baazi (Kamari) ya mwaka 1951, ambayo ilipata mafanikio makubwa. Filamu hiyo ilimpatia Guru Dutt watu wawili walioamua mwelekeo wa maisha yake. Wa kwanza ni mwimbaji Geeta Roy, ambaye sauti yake ilivuma kupitia nyimbo za filamu hiyo, na ambaye alimwoa mwaka 1953. Wa pili ni V. K. Murthy, aliyekuwa msaidizi wa mpigapicha. Katika onyesho moja la wimbo ukumbini, Murthy alipendekeza picha ngumu inayoanzia katika kioo na kuendelea kwa kumfuata mhusika bila kukatwa. Mpigapicha mkuu alimruhusu aijaribu, na picha ikafaulu. Tangu Jaal (Mtego) ya mwaka 1952, Murthy akawa mpigapicha wa Guru Dutt hadi mwisho.

Mafanikio yalifuatana. Aar Paar ya mwaka 1954, yenye kisa cha dereva wa teksi, na Mr. & Mrs. ’55 ya mwaka 1955, zilimpa fedha na uhuru wa kuamua mambo katika kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1956 aliitayarisha C.I.D., iliyoongozwa na Raj Khosla, ambayo ilimwingiza Waheeda Rehman katika filamu za Kihindi.

5.0 Ufundi wa Mkupuo

Kamera inayotembea haikubuniwa Bombay. Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpigapicha wa ndugu Lumière wa Ufaransa, aliiweka kamera ndani ya mashua huko Venice na kuyaacha majumba yapite mbele yake. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone wa Italia aliiweka juu ya kigari katika filamu ya Cabiria. Mwaka 1924 Mjerumani F. W. Murnau aliifungua kabisa kutoka katika miguu yake mitatu. Baadaye Max Ophüls na Kenji Mizoguchi wakaifanya picha ndefu yenye mwendo kuwa alama ya kazi zao. Guru Dutt hakuwapita hao kwa urefu wa dakika. Picha zake nyingi ni fupi kuliko zao. Upekee wake uko mahali pengine, nako ni katika uhusiano wa mwendo na wimbo.

Katika filamu za Kihindi wimbo hurekodiwa kwanza, kisha hupigwa kwa kipaza sauti wakati wa kupiga picha ili mwigizaji aufuate kwa midomo. Hivyo urefu wa kila sentensi ya muziki hujulikana kabla kamera haijaanza kuzunguka. Kigari cha kamera husukumwa juu ya reli na vibarua wa studio. Mmoja wao akichelewa nusu hatua, kamera hufika kwa mwigizaji baada ya neno aliloliendea. Msaidizi anayerekebisha lenzi naye lazima ajue umbali wa kila hatua, la sivyo uso wa mwigizaji hufifia. Ugumu huo ulizidi kwa sababu Guru Dutt alipenda kutumia lenzi za masafa marefu, za milimita 75 na 100, kwa picha za nyuso. Lenzi za aina hiyo huutenga uso na mazingira yake, lakini hazisamehi kosa hata dogo la umbali. Kwa ufundi huo, vibarua, msaidizi wa lenzi, mpigapicha na mwigizaji walikuwa wakicheza ngoma moja, na mwongozaji aliyelelewa Almora ndiye aliyewahesabia mapigo.

Matokeo yake ni kwamba mtazamaji huona badiliko la moyo likitokea. Kamera inapomsogelea mhusika polepole wakati wimbo unapanda, hakuna haja ya kuambiwa kwamba mtu huyo ametambua jambo. Inapomwacha na kurudi nyuma, upweke wake hupimwa kwa nafasi inayoongezeka kati yake na watu wengine. Maana hiyo haihitaji mkalimani.

6.0 Mwenye Kiu

Pyaasa (Mwenye Kiu) ilitoka mwaka 1957. Muziki wake ulitungwa na S. D. Burman, na mashairi yakaandikwa na Sahir Ludhianvi. Nafasi ya mhusika mkuu ilikusudiwa Dilip Kumar, lakini alipokosa kufika, Guru Dutt aliichukua mwenyewe. Filamu aliitoa kwa kumbukumbu ya Gyan Mukherjee, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Kisa chake ni cha mshairi Vijay, ambaye mashairi yake hukataliwa na wachapishaji na hata kuuzwa na ndugu zake kama karatasi chakavu. Anapodhaniwa kuwa amekufa, diwani yake huchapishwa kwa hisani ya kahaba aliyempenda, na jamii iliyomdharau humpa sifa zote. Katika onyesho moja Vijay, akiwa amelewa, anapita katika vichochoro vya madanguro huku akiimba. Kamera hutembea naye. Hapewi mahali pa kusimama kama mtalii wala kama hakimu. Mlango mmoja huleta mlango mwingine, na uso mmoja huleta mwingine, mpaka mtazamaji ahisi kwamba kichochoro hakina mwisho. Laiti picha hizo zingekatwakatwa, kila mlango ungekuwa kisa cha pekee. Kwa kuunganishwa na mwendo, zinakuwa shitaka moja dhidi ya taifa zima.

Katika ukumbi ambamo watu wamekusanyika kumwomboleza, Vijay hutokea mlangoni akiwa hai, mikono imeshika pande mbili za mlango na mwanga ukiwa nyuma yake. Anapoanza kuimba, vichwa hugeuka. Umbali kati ya mlango na jukwaa, kati ya msanii na wale wanaofaidika na kifo chake, ndio maudhui ya filamu nzima, na kamera ndiyo inayoupima umbali huo. Pyaasa ilifaulu sokoni na kusifiwa. Mwongozaji wake akaamini kwamba hadhira ilikuwa tayari kumfuata popote.

7.0 Maua ya Karatasi

Imani hiyo ndiyo iliyomgharimu. Mwaka 1959 alitoa Kaagaz Ke Phool (Maua ya Karatasi), filamu ya kwanza ya India kupigwa kwa mfumo wa pazia pana wa CinemaScope. Inamhusu mwongozaji wa filamu, Suresh Sinha, ambaye ndoa yake imevunjika, anayemwibua mwigizaji mpya na kumpenda, kisha anaanguka kazini mpaka anafia katika kiti cha mwongozaji ndani ya studio tupu. Guru Dutt aliigiza nafasi hiyo mwenyewe, na Waheeda Rehman akaigiza nafasi ya mwigizaji. Watu waliyafananisha hayo na maisha ya nyumbani kwake, ambako ndoa yake na Geeta ilikuwa imeingia dosari.

Onyesho linalokumbukwa zaidi limo ndani ya studio. Mwanga wa jua wa kweli uliingizwa humo kwa vioo vikubwa viwili, ukaanguka kutoka juu kama nguzo gizani. Wahusika wawili wamesimama mbali, na Geeta Dutt anaimba bila kuonekana. Hawasogei. Kamera ndiyo inayosogea, ikimwendea mmoja na kumwacha mwingine, na vivuli vyao vinatoka katika miili na kukutana ndani ya nguzo ya mwanga. Mapenzi yasiyoweza kutendwa yanatendwa na kamera kwa niaba ya wapendanao. Murthy alipata tuzo ya Filmfare kwa upigaji picha wa filamu hiyo.

Sokoni ilianguka vibaya. Watazamaji wa India, waliokuwa wamezoea kamera inayotembea kuliko watu wengi duniani, waliikataa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Hakuna aliyesema kwamba Mhindi ameikataa filamu kwa sababu ubongo wake hauwezi kuufuata mwendo wa kamera. Ilisemwa kwamba filamu ilikuwa na huzuni kupita kiasi, kwamba ilikwenda polepole, kwamba matatizo ya tajiri wa sinema hayakuwagusa watu wa kawaida. Yaani kutopenda kwao kulichukuliwa kuwa ni hukumu ya watu wenye akili. Mwanakijiji wa Kiafrika aliyesitasita mbele ya filamu ya panya au ya kodi hakupewa heshima hiyo. Kusita kwake kulihesabiwa kuwa upungufu wa jicho.

Guru Dutt hakuliweka tena jina lake kama mwongozaji katika filamu yoyote. Aliendelea kutayarisha na kuigiza. Chaudhvin Ka Chand (Mwezi wa Siku ya Kumi na Nne) ya mwaka 1960, iliyoongozwa na M. Sadiq, iliiokoa kampuni yake. Jina la filamu hiyo halikuhitaji ufafanuzi kwa Mswahili, maana mwezi wa kumi na nne ni sitiara ya uzuri inayofahamika pwani nzima. Sahib Bibi Aur Ghulam (Bwana, Bibi na Mtumwa) ya mwaka 1962 ilitolewa kwa jina la Abrar Alvi kama mwongozaji, na mwaka 1963 ikaiwakilisha India katika tamasha la filamu la Berlin.

Tarehe 10 Oktoba 1964 Guru Dutt alikutwa amefariki katika makazi yake huko Bombay, baada ya kutumia pombe pamoja na dawa za usingizi. Alikuwa na umri wa miaka 39. Geeta Dutt alifariki mwaka 1972. Heshima ya Maua ya Karatasi ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1980 filamu zake zilianza kuonyeshwa upya Ulaya, na filamu iliyomvunja moyo ikawekwa katika safu ya kazi bora za sinema ya India. Kisa cha Vijay, aliyesifiwa baada ya kudhaniwa amekufa, kilimpata mtunzi wake kwa ukweli.

8.0 Hadhira ya Jangwani

Yaliyotokea Bombay yanahusianaje na Jangwani? Guru Dutt alikuwa mmoja katika kundi la waongozaji wa kizazi chake, pamoja na Raj Kapoor, aliyetoa Awaara mwaka 1951, na Mehboob Khan, aliyetoa Mother India mwaka 1957. Filamu hizo mbili zilipendwa mno katika miji ya Afrika ya Mashariki. Lugha ya picha waliyoshirikiana waongozaji hao, ya wimbo unaobebwa na kamera yenye mwendo, ndiyo iliyokuwa darasa la watazamaji wa Dar es Salaam.

Dalili za kueleweka kwake ziko nyingi. Watu walirudi, tena wakawaleta jamaa zao. Hadithi zilisimuliwa upya barazani na sokoni kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kwenda. Watunzi wa taarabu walizichukua tuni za filamu na kuzitilia mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa ni mfano mashuhuri wa waimbaji waliojenga jina kwa mtindo huo. Mtu haazimi tuni ya wimbo na kuitilia maneno ya mapenzi au ya uchungu yanayolingana nayo ikiwa hakuelewa wimbo huo ulikuwa ukifanya kazi gani katika hadithi. Kwa kuwa maneno hayakueleweka kwa wengi, kilichoeleweka kilikuwa sauti na mwendo.

Hata serikali ya kikoloni ilikuja kuhisi kwamba mafunzo matupu hayatoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Colonial Film Unit ilivunjwa mwaka 1955. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na filamu za Kihindi zikaendelea kuonyeshwa. Video ilipoenea, usimulizi wa barazani ulihamia katika vibanda, ambako mfasiri aliisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea. Miaka ya 2000 Kariakoo ikawa kitovu cha usambazaji wa filamu za Kiswahili zilizorekodiwa kwa video. Wengi wa waliozitengeneza na kuzinunua walikuwa wamelelewa na wazazi waliokwisha kuvuka Mnazi Mmoja kwa ajili ya picha.

9.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, nadharia ya Sellers inaanguka kwa pande zote mbili. Kuhusu mwendo, hadhira ya Dar es Salaam ilionyesha kwamba kamera inayotembea ilikuwa msaada wake, hasa pale ambapo lugha ilikuwa kizuizi. Kuhusu mfululizo, dai kwamba Mwafrika hawezi kuvumilia hadithi inayoruka hatua linakanushwa na fasihi simulizi yenyewe. Mtambaji wa ngano za Kiswahili huiruka miaka kwa sentensi moja. Mtoto huzaliwa, hukua na kuoa kabla msikilizaji hajabadili mkao, na hakuna anayepotea njia. Mtambaji huyohuyo, akifika mahali penye uchungu au kicheko, hupunguza mwendo, hauachi uso wa mhusika, na huendelea nao mpaka jambo liishe. Anajua wapi pa kukata na wapi pa kutokata. Hadhira iliyolelewa na mtambaji wa namna hiyo ilikuja Empire na Avalon ikiwa tayari na nusu ya ujuzi uliohitajika.

Guru Dutt hakuwafikiria watu wa Jangwani alipokuwa akiwahesabia mapigo wasukuma kigari wa Bombay. Alikuwa akitafuta njia ya kusema jambo katika lugha ambayo haikuwa yake ya kuzaliwa. Njia aliyoipata iliwafaa pia watu ambao hawakuijua lugha hiyo kabisa. Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili unapaswa kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Istilahi za mwendo wa kamera zinahitajika sambamba na zile za wahusika na maudhui, ili historia ya mtazamaji wa Kiafrika iandikwe kutokana na yale aliyoyaona.